Kulwa na Doto, Ngozi Mbili: Hotuba kwa Wazazi wa Mapacha wa Kufanana

Ndugu wazazi wenye mapacha, bibi mliowasindikiza wajukuu, wauguzi, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii: shikamooni wakubwa, na wengine wote habari za asubuhi.

Kuna swali ambalo mama mwenye mapacha wa kufanana huja nalo kliniki karibu kila mara. Hawa wametoka yai moja, wananyonya ziwa moja, wanalala kitanda kimoja. Mbona Kulwa ngozi yake laini, na Doto ana mabaka na anajikuna usiku kucha? Nyuma ya swali hilo mara nyingi lipo la pili ambalo mama halitamki: huyu mmoja nimemkosea nini? La pili tulijibu kwanza. Hujamkosea. Tofauti ya ngozi kati ya mapacha wa kufanana ni jambo la kawaida, ina sababu zinazoeleweka, na nyingi ya sababu hizo zilianza kufanya kazi kabla hujawashika mikononi.

Tuanze tumboni. Mapacha wa kufanana hutoka kwenye yai moja lililorutubishwa na mbegu moja, kisha likagawanyika. Duniani kote hutokea kwa uzazi kama 3 hadi 4 katika kila 1,000. Siku ya mgawanyiko ina uzito mkubwa. Yai likigawanyika ndani ya siku 3 za kwanza, kila mtoto hupata kondo lake la nyuma. Likigawanyika kati ya siku ya 4 na ya 8, na hapo ndipo walipo wengi, karibu jozi 7 katika kila 10, watoto hutumia kondo moja ingawa kila mmoja ana mfuko wake wa maji.

Kondo moja halina maana kwamba mgao ni sawa. Kitovu cha mmoja kinaweza kushika katikati ya kondo, penye mishipa minene, na cha mwenzake kikashika pembeni kabisa. Tena mishipa ya watoto wote wawili huungana ndani ya kondo, na katika mimba kama 10 hadi 15 kati ya 100 za kondo moja, damu huhama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine kupita kiasi. Anayetoa damu huzaliwa mwembamba, amepauka, na mkojo wake umekuwa mchache tangu tumboni. Anayepokea huzaliwa mwekundu, damu nzito, na ndani ya siku chache macho na ngozi vinaweza kugeuka vya manjano kuliko mwenzake, kwa sababu chembe nyingi za damu zikivunjika hutoa rangi nyingi ya manjano. Kwa hiyo muuguzi akiona mapacha wawili wa rangi tofauti chumba cha kujifungulia, asiseme tu kwamba mmoja amechukua weupe wa baba. Apime wingi wa damu kwa wote wawili.

Kuna hesabu moja ndogo ambayo kila mzazi wa mapacha aijue. Chukua uzito wa mkubwa, toa uzito wa mdogo, gawa kwa uzito wa mkubwa, zidisha kwa 100. Kulwa kilo 2.6, Doto kilo 2.0: tofauti ni kilo 0.6, na 0.6 ukigawa kwa 2.6 ni karibu asilimia 23. Ikifika asilimia 20 au zaidi, mdogo anahitaji kuangaliwa kwa karibu zaidi katika lishe, joto, sukari ya damu, na ngozi pia.

Kwa nini ngozi? Tabaka la juu kabisa la ngozi hufanya kazi kama paa la makuti: makuti yakipandana vizuri, maji ya ndani hayatoki na uchafu wa nje hauingii. Tabaka hilo hukamilika mimba ikielekea wiki ya 34, na zaidi ya nusu ya mapacha huzaliwa kabla ya wiki ya 37. Aliyezaliwa njiti kabisa, ngozi yake huvuja maji na joto, na huchukua wiki 2 hadi 4 baada ya kuzaliwa kukomaa. Mtauliza: wamezaliwa siku moja, umri wa ngozi si ni ule ule? Umri ndiyo, hali hapana. Aliyebanwa chakula tumboni ana mafuta kidogo chini ya ngozi, na huzaliwa mkavu, anabambuka viganja na nyayo. Halafu mwili mdogo una ngozi nyingi kwa kila kilo moja ya uzito. Chochote mnachompaka, iwe sabuni, dawa au manukato, huingia kwa kipimo kikubwa zaidi kwa kilo kuliko kwa mwenzake aliyepakwa kile kile. Hapa ndipo wengi wanapokosea kwa nia njema: kopo moja, kiasi kimoja, watoto wawili wa uzito tofauti.

Baada ya kuzaliwa njia zao huachana zaidi. Mmoja anapelekwa chumba cha joto, anabandikwa plasta za kushikilia sindano na mpira, anapewa antibaotiki kwa siku kadhaa. Mwingine anabaki kifuani kwa mama. Wakati mwingine wa kwanza huzaliwa kwa njia ya kawaida na wa pili kwa upasuaji saa hiyo hiyo. Bakteria wa kwanza kukaa kwenye ngozi na tumboni mwa kila mmoja si wale wale, na bakteria hao ndio wanaoifundisha kinga ya mwili nini cha kuvumilia na nini cha kupigana nacho. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walipima kinga ya mapacha 210 na kutangaza matokeo mwaka 2015: katika vipimo zaidi ya 200 walivyofanya, zaidi ya robo tatu vilitawaliwa na mambo yasiyo ya kurithi.

Sasa vinasaba vyenyewe. Yapo magonjwa ambayo kinasaba kikisema, kimesema. Ualbino ni mfano tulionao karibu: kwa mapacha wa kufanana, mmoja akizaliwa nao na mwenzake anao. Pumu ya ngozi, ambayo wengine huiita ukurutu, haiko hivyo. Utafiti wa mapacha wa Denmark ulionyesha kwamba kwa mapacha wa kufanana, pale mmoja alipokuwa na pumu ya ngozi, mwenzake alikuwa nayo katika jozi karibu 7 kati ya 10. Kwa mapacha wasiofanana ilikuwa karibu 2 kati ya 10. Tuisome takwimu hii pande zote mbili. Urithi una nguvu kubwa, ndiyo maana 7 ni nyingi kuliko 2. Lakini jozi 3 katika 10 za watoto wenye vinasaba vile vile zimeachana njia: mmoja anaumwa, mwingine haumwi. Mzio wa karanga nao unafanana na huo. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2000 uliukuta kwa wote wawili katika jozi 64 kati ya 100 za wanaofanana, na 7 kati ya 100 za wasiofanana.

Hata hilo neno “vinasaba vile vile” lina mipaka. Watafiti wa Iceland walitangaza mwaka 2021 kwamba mapacha wa kufanana hutofautiana kwa wastani wa mabadiliko 5.2 ya vinasaba yaliyotokea mwanzoni kabisa mwa mimba. Ni machache mno ukilinganisha na urefu wote wa maandishi ya urithi, na si lazima yaguse ngozi. Ila yanatosha kutuzuia kusema hawa ni mtu mmoja katika miili miwili.

Kwa mapacha wa kike kuna jambo la ziada linalotuhusu sana watu wa pwani na wa maeneo ya malaria. Msichana ana kromosomu X mbili, yaani nyuzi mbili zinazobeba vinasaba, na katika kila chembe ya mwili moja huzimwa. Ipi izimwe ni bahati nasibu. Upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu zisivunjike, hubebwa kwenye X. Kwa wasichana wawili wa yai moja wenye X moja nzima na moja yenye hitilafu, mmoja anaweza kuzima zaidi ile yenye hitilafu akaishi bila shida, na mwenzake akazima zaidi ile nzima, damu yake ikawa rahisi kuvunjika. Kimojawapo cha vinavyoivunja ni zile tembe nyeupe za naftalini zinazowekwa kwenye sanduku la nguo. Nguo za mtoto zilizokaa na naftalini zikimgusa mwenye ngozi iliyopakwa mafuta, sumu hiyo huingia haraka zaidi. Mtoto anakuwa wa manjano, mkojo unakuwa kama chai ya rangi. Msiweke naftalini kwenye nguo za mtoto mchanga kabisa. Kufua na kuianika nguo juani hakutoshi kuondoa yote iliyoingia kwenye kitambaa kizito kama blanketi.

Tuje nyumbani, kwenye beseni. Hapa tutakaa kidogo, maana hapa ndipo tofauti ndogo ya ngozi inapogeuka ugonjwa.

Mtoto asiogeshwe ndani ya saa 24 za kwanza. Ule utando mweupe aliozaliwa nao ni kinga, uachwe ujinyonye wenyewe. Baada ya hapo, angalieni mapacha wanavyoogeshwa katika nyumba nyingi. Beseni moja. Kulwa anaanza kwa sababu ndiye anayelia. Anapakwa sabuni, anasuuzwa, anatolewa. Doto anaingia katika maji yale yale, ambayo sasa yana sabuni ya mwenzake na yamepoa, na mama amechoka hivyo kumsuuza kunafanyika haraka. Sabuni inabaki kwenye mikunjo ya shingo, makwapa na mapaja. Ikifanyika hivyo kila siku, mwenye ngozi dhaifu anapokea sabuni mara mbili na maji safi mara sifuri. Ikiwa ndugu mmoja ana mabaka, huyo ndiye aanze, au kila mmoja apate maji yake. Maji yawe ya uvuguvugu, nyuzijoto kama 37. Ukitumbukiza kiwiko usisikie moto wala baridi. Dakika 5 hadi 10 zinatosha. Sabuni itumike mwishoni, mahali penye uchafu tu: shingoni, kwapani, matakoni. Mara 2 au 3 kwa wiki zinatosha kwa mchanga. Siku nyingine maji matupu, na matako yaoshwe kila akichafuka. Sabuni ya kipande ya kufulia, na ile yenye dawa ya kuua vijidudu, havina kazi kwenye ngozi ya mtoto. Mnaoishi penye maji magumu, yale ambayo sabuni haitoi povu, suuzeni zaidi, kwa sababu sabuni na chokaa ya maji hayo huacha utando unaowasha.

Mkitoka kwenye maji, kaushieni kwa kugusagusa na khanga laini iliyochakaa. Msisugue. Ndani ya dakika 3, ngozi ikiwa bado na unyevu, pakeni mafuta.

Mafuta gani? Kwa ngozi kavu yenye mabaka, ya mgando yasiyo na harufu wala rangi ndiyo ya bei nafuu na ndiyo yanayofunga maji ndani vizuri zaidi. Mafuta safi ya nazi yanafaa, na ya alizeti yanafaa, mradi yawe masafi kutoka chupa iliyofungwa. Mafuta ya zeituni tunayapenda sana kwa kukandia watoto, hasa visiwani na mwambao, lakini aina ya mafuta iliyomo humo hulegeza tabaka la juu la ngozi, na kwa mwenye pumu ya ngozi huongeza ukavu badala ya kuupunguza. Tumieni kwenye saladi. Na yale mafuta ya watoto yanayonukia hadi sebuleni, harufu hiyo ndiyo tatizo lenyewe. Manukato ni moja ya visababishi vikubwa vya ngozi kuwashwa, na Kulwa akiyavumilia haina maana Doto atayavumilia.

Kiasi: mtoto mwenye pumu ya ngozi mwili mzima anahitaji karibu gramu 100 kwa wiki, yaani kopo dogo zima, mara 2 kwa siku na zaidi penye ukavu. Wengi hupaka kidole kimoja tu kisha husema mafuta hayafanyi kazi. Kila mtoto awe na kopo lake lenye jina lake. Mafuta yachotwe kwa kijiko safi, si kwa kidole kilichotoka kugusa kidonda, maana kidole hicho hupanda bakteria ndani ya kopo na kesho unampaka mtoto tena bakteria hao.

Mama mmoja atauliza: basi na Kulwa nimpake sana ili asije akapata kama mwenzake? Swali hili limepimwa vizuri. Uingereza walifuatilia watoto 1,394 wenye hatari ya kurithi pumu ya ngozi. Nusu walipakwa mafuta kila siku mwaka mzima wa kwanza, nusu hawakupakwa. Matokeo ya mwaka 2020: walipofika miaka 2, asilimia 23 ya waliopakwa walikuwa na pumu ya ngozi na asilimia 25 ya wasiopakwa, tofauti isiyo na maana yoyote, huku waliopakwa wakiugua maambukizi ya ngozi zaidi kidogo. Kwa hiyo mafuta ni tiba ya ngozi kavu, si chanjo. Kulwa mwenye ngozi nzuri mpake kiasi cha kawaida umwache.

Nepi ni jambo fupi. Badilisheni kila baada ya saa 2 hadi 3 na mara tu akijisaidia. Oshea maji, kausha, muache uchi dakika 10 hewani, kisha paka krimu ya zinki kwa unene unaoonekana. Anayeharisha zaidi, au anayetumia antibaotiki, ndiye atakayechubuka, hata kama pampasi ni za pakiti moja. Angalieni mikunjo. Upele wa mkojo na kinyesi hukaa kwenye sehemu zilizotokeza mbele na huiacha mikunjo salama. Fangasi huingia ndani ya mikunjo na kutupa vidoa vidogo pembeni. Huyo anahitaji krimu ya fangasi kama klotrimazoli, na akaguliwe mdomo kama kuna utandu mweupe. Ukikuta utandu mdomoni mwa mmoja, watibiwe watoto wote wawili pamoja na chuchu za mama, kwa sababu hapo kinachozunguka ni ziwa.

Nimetaja kutibu wote wawili, nami nitilie mkazo lini hasa. Upele wa kuambukiza, ule wa wadudu wanaochimba ngozi, huonekana kwa watoto wadogo hata viganjani, nyayoni na kichwani. Siku chache mmoja, wiki chache mwenzake, kisha mama anaanza kujikuna usiku kati ya vidole. Hapo nyumba nzima inatibiwa siku moja, hata asiyewashwa, na tiba hurudiwa baada ya siku 7. Kwa aliyefikisha miezi 2 hutumika krimu ya pamethrini ya asilimia 5. Aliye chini ya hapo hupewa marashi ya salfa kwa maelekezo ya mtoa huduma. Ile dawa ya maji ya upele iitwayo BBE inachoma, msimpake mchanga kwa ushauri wa jirani. Lakini ikiwa miezi 2 au 3 imepita, Doto ana mabaka makavu mashavuni na upande wa nje wa mikono na miguu, na Kulwa anayelala naye hana hata kipele, hiyo haiambukizi. Hapa ule ufanano wao unatusaidia kutambua ugonjwa kuliko kipimo chochote cha maabara. Msiwatenganishe kitanda, wala msimnyime Kulwa kucheza na ndugu yake.

Kwenye ngozi zetu nyeusi, msitafute wekundu ulioandikwa vitabuni. Pumu ya ngozi kwetu huonekana kama mabaka ya kijivu au ya zambarau, ngozi iliyopauka kama imepakwa majivu, au vijipele vidogo vidogo kama ngozi ya kuku. Pitisheni kiganja: palipokwaruza ndipo penyewe. Baada ya kupona hubaki weusi au weupe kwa wiki au miezi. Hiyo ni alama tu, haihitaji dawa, na kwa hakika haihitaji krimu ya kung'arisha. Manjano nayo yatazameni mahali pa mwanga wa mchana: bonyeza ncha ya pua kwa kidole, achia, uangalie rangi inayorudi, kisha fizi na weupe wa macho.

Tufike kwenye dawa. Pale mabaka yanapovimba na kuwasha, mafuta peke yake hayatoshi, na mtoa huduma ataandika haidrokotisoni ya asilimia 1. Wazazi huiogopa kupita kiasi au huitumia ovyo, na kipimo chake ni rahisi. Kamua krimu juu ya kidole cha shahada cha mtu mzima, kutoka ncha hadi kwenye mkunjo wa kwanza. Hiyo ni karibu nusu gramu. Kwa mtoto wa miezi 3 hadi 6, kipimo kimoja kinatosha uso wote na shingo, kimoja mkono mzima, kimoja na nusu mguu mzima, kimoja kifua na tumbo, kimoja na nusu mgongo na matako. Pakeni penye mabaka tu, kwa siku alizoandikiwa, na mafuta ya mgando yafuate baadaye. Doto peke yake ndiye anayepakwa. Kinachotutisha si haidrokotisoni. Ni zile krimu kali zenye klobetasoli, mara nyingi zikiwa zimechanganywa na dawa ya fangasi na ya bakteria katika tyubu moja, zinazouzwa maduka ya dawa bila cheti. Siku 3 za kwanza ngozi inakuwa safi na mama anafurahi. Wiki chache baadaye ngozi ni nyembamba, mabaka yanarudi kwa nguvu, na kwa mtoto mdogo dawa hiyo huingia kwenye damu, ikazuia tezi zake na ukuaji wake. Ukinunuliwa tyubu, soma jina la dawa kwa maandishi madogo, si jina kubwa la mbele.

Dawa za kunywa nazo zifuate uzito wa kila mmoja. Paracetamol ya maji yenye miligramu 120 kwa mililita 5, kwa kipimo cha miligramu 15 kwa kila kilo: Kulwa wa kilo 6 anapata miligramu 90, yaani mililita 3.75, Doto wa kilo 4 anapata miligramu 60, yaani mililita 2.5. Tumieni bomba la sindano lisilo na sindano kupimia, si kijiko cha chai. Aliye chini ya miezi 2 asipewe kabla hajaonwa.

Mnaotaka kujua ni kitu gani kinachomsumbua Doto, mna faida ambayo wazazi wengine hawana: mtoto wa pili wa kulinganisha naye. Badilisheni kitu kimoja tu, kwa Doto tu, kwa wiki 2. Wiki 2 hizi badilisha mafuta. Wiki 2 zinazofuata badilisha sabuni ya kufulia, nguo zake zifuliwe kando na kusuuzwa mara 2. Baadaye ondoa sweta la sufu, au moshi wa udi na ubani chumbani. Andikeni tarehe nyuma ya daftari la kliniki na pigeni picha mahali pale pale, mwanga ule ule. Mkibadilisha vitatu kwa mpigo hamtajua kilichosaidia. Mafuta mapya yajaribuni kwanza sehemu ndogo ya ndani ya mkono, mara 2 kwa siku kwa siku 7.

Chakula msikiondoe kwa kubahatisha. Mama anayenyonyesha mapacha anahitaji chakula chake chote. Ila kama mmoja anaongezewa maziwa ya kopo na mwenzake ananyonya tu, na huyo wa kopo ana mabaka yasiyosikia dawa pamoja na kutapika, kuharisha au damu kwenye choo, semeni, maana inaweza kuwa mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe. Wakifika miezi 6 waanzishwe vyakula, mayai na karanga zilizosagwa laini zikiwemo, kimoja kimoja. Mwenye pumu kali ya ngozi aonwe kwanza kabla ya karanga na mayai, kwa sababu yeye ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi ya mzio.

Yeyote mwenye malengelenge ya mafua mdomoni asimbusu mtoto mwenye pumu ya ngozi. Kirusi hicho kwenye ngozi iliyochubuka huenea mwili mzima kwa siku chache: vijidonda vya duara vinavyofanana, kama vimetobolewa kwa msumari, pamoja na homa. Huo ni ugonjwa wa kulazwa.

Kuna mengine ya kukimbilia hospitali bila kungoja asubuhi. Homa ya nyuzijoto 38 au zaidi kwa aliye chini ya miezi 3, au mwili wa baridi chini ya 35.5. Manjano ndani ya saa 24 za kwanza, au yaliyofika viganjani na nyayoni siku yoyote. Malengelenge yenye usaha, au ngozi inayobambuka kama imeungua. Uvimbe na joto kuzunguka kitovu. Mtoto aliyeacha kunyonya au anayelala bila kuamshika. Mkienda, chukueni watoto wote wawili na kadi zote mbili, mtoa huduma awavue nguo na kuwatazama kwa pamoja. Na ikiwa ni usiku, na usafiri ni wa kubeba mmoja tu, mwacheni mzima kwa bibi muondoke na mgonjwa. Msisubiri kuona kama mwenzake naye ataanza.